Maji ya Kuoshea Gari

Binti yangu alianza kuota meno ya ukubwani mwaka uleule nilioanza kupika bia nyumbani, na mpaka leo siwezi kukumbuka jambo moja bila la pili kuja nyuma yake. Meno yake ya utotoni yalikuwa meupe, ya kawaida tu. Yaliyofuata, yale mawili makubwa ya mbele, yalitoka na madoa, kwanza meupe ya chokaa, kisha mstari wa kahawia ukapita katikati. Nilimsugua kwa mswaki mpaka fizi zikatoa damu. Nikamnyima peremende. Nikabadilisha dawa ya meno. Yeye naye akajifunza kucheka huku amejiziba mdomo kwa kiganja, na hakuna aliyemfundisha.

Nilimpeleka kwa daktari wa meno huko Upper Hill, karibu na ofisi ya bima ninakofanya kazi. Daktari alimwangalia kidogo tu, kisha akanigeukia mimi.

"Huyu mtoto anakunywa maji gani?"

"Ya mfereji," nikasema. "Ya kanjo."

"Uko sure? Sababu hii inakaa floraidi, ile madini ya kuchafua meno, na mara mingi hiyo inatoka kwa borehole. Haya ya mbele yaliharibika kitambo, yakiwa bado ndani ya fizi. Lakini kuna mengine bado yanajengwa huko chini. Kile anakunywa saa hii ndicho kitaamua yatatoka aje."

Nilimwambia nina hakika. Nilimwambia kwa sauti ya mtu aliyetukanwa, kwa sababu nyumba tuliyokuwa tukiishi ilikuwa ya mjomba wangu, na ni mjomba mwenyewe aliyeniambia kwamba maji yetu ni ya kanjo, yale yanayoletwa na mabomba ya jiji. Daktari akasema basi tuangalie chakula. Nilitoka pale nimemkasirikia yeye.

Inafaa nimweleze mjomba kwa haki, maana hasira niliyo nayo inaweza kumfanya aonekane mbaya tangu mwanzo, na hakuwa hivyo. Baba yangu alipofariki, ni huyu kaka yake mama aliyekuja kutoka Nairobi na suti yake ya kijivu, akasimama mbele ya ukoo, akasema kuanzia siku hiyo mimi ni mtoto wake. Akanisomesha. Nilipopata mimba na baba wa mtoto akaamua kwamba ana maisha yake mengine, watu wa kwetu walinong'ona; mjomba alinipa nyumba ya chini kwenye jumba lake la kupangisha huko Kabiria ili nisihangaike na ngazi. Yeye mwenyewe aliishi katika nyumba ya mawe mbele ya jumba, kando ya lango. Binti yangu alizaliwa pale. Alipoanza kusema, mtu wa kwanza kumwita alikuwa mjomba. Alimwita Babu.

Wapangaji wengi walikuwa watu wa kwetu, wa Magharibi: mafundi, walimu, mama mmoja mwenye mapacha aliyekuwa akishona sare za shule. Tulisali pamoja. Baadhi yao niliwaleta mimi. Niliwaambia njooni, kwa mjomba maji hayakatiki.

Hayakukatika kwa sababu mjomba alikuwa amechimba kisima nyuma ya jumba, kile kirefu cha mashine ambacho kila mtu Nairobi hukiita borehole. Alikifungua kwa maombi. Alitutangazia siku hiyohiyo kwamba maji ya kisima ni ya choo na maua, na ya kunywa na kupikia ni ya kanjo, yana tangi lake. Tuliinua macho tukaona matangi mawili meusi juu ya paa, tukaridhika. Nani hupanda paa kufuata mabomba?

Na tena tulikuwa na ushahidi wetu jikoni. Sisi hupika mboga za kienyeji kwa munyu, maji yaliyochujwa kwenye majivu ya maganda ya maharagwe. Munyu ndio hulainisha kunde na kuufanya mrenda uvutike vizuri unapouchota kwa tonge la ugali. Ukihamia mjini unaagiza munyu kutoka nyumbani, unaletewa kwenye chupa ya soda. Basi pale Kabiria mrenda ulivutika bila munyu hata tone. Maharagwe yaliiva kabla hujamaliza kufua. Sabuni ilitoa povu kwa kuguswa tu. Mama yangu alipokuja kututembelea alipika kunde, akaonja, akasema hajaona maji kama haya tangu ile chemchemi ya kwao. Tukayaita maji ya baraka. Waliomsifu mjomba kuliko wote tulikuwa sisi wanawake, huku tumeshika miiko.

Mjomba mwenyewe hakuyanywa, ila kwa hilo tulikuwa na sababu. Kando ya lango palikuwa na mfereji mwingine, umefungwa kwa kufuli, na yeye alichota pale tu. Daktari wake, alituambia, amesema figo zake haziwezi maji yaliyolala kwenye tangi. Lazima anywe yanayotoka moja kwa moja kwenye bomba la barabarani. Tulisikitika. Kwenye maombi yetu ya Alhamisi, baada ya kuwaombea wagonjwa na wasio na kazi, tuliziombea figo za mjomba. Mimi niliziombea kwa machozi.

Sasa bia. Mama yangu alikuwa mpishi wa busaa, pombe yetu ya nafaka, anayeitwa mbali. Harusi, matanga, kumaliza kupalilia, alikuwa yeye na mtungi wake. Mimi sikutaka kabisa. Nilisoma ili nisinuke kimea. Halafu mwenzangu ofisini akaniletea chupa ya bia aliyoipika mwenyewe nyumbani, nikaonja, nikajua papo hapo ametenda nini, maana kazi ni ileile: unaotesha nafaka, unaikausha, unaisaga, unailoweka kwenye maji ya moto mpaka itoe utamu, kisha unaiacha ichachuke. Wao hutumia shayiri pale mama alipotumia wimbi, na huongeza maua machungu yanayoitwa hopsi. Nikanunua sufuria kubwa na kipimajoto. Sikuuza hata chupa. Nilipika kwa sababu mikono ilikuwa imekumbuka.

Bia yangu ya kwanza ilikuwa nyeusi, ya shayiri iliyokaangwa mpaka ikawa kama kahawa. Ilikuwa nzuri. Mjomba aliinywa, akaramba midomo, akasema, "Mama, wewe umetoka kwa nyanya yako kabisa." Ndivyo alivyoniita siku zote, mama. Na kwa kuwa binti yake kitinda mimba alikuwa anatarajia wageni wa mahari, akaniagiza pale pale. Alitaka bia nyeupe, ile inayong'aa kwenye glasi, maana wakwe walikuwa watu wa mjini.

"Wasikunywe ya duka kwangu," akasema. "Bia itatoka hapa kwetu nyumbani."

Nilifurahi mpaka nikaaibika.

Bia nyeupe ikanikataa. Ya kwanza ilitoka imefifia na kali kooni, ladha ya majani ya chai yaliyosahaulika jikoni. Nikadhani nimechemsha vibaya. Ya pili nikaifanya kwa uangalifu wa mtihani, ikatoka vilevile. Nikaanza kusoma, na kila nilichosoma kilinielekeza kwenye maji. Bia nyeusi hustahimili, kwa sababu shayiri iliyokaangwa ina uchachu wake unaopunguza ukali wa maji yenye alkali, yaani yenye magadi. Bia nyeupe haina cha kujitetea. Ukitaka kuipika, pima kwanza maji ya mfereji wako.

Nilikwenda mjini, kwenye mitaa ya nyuma karibu na River Road, kwenye duka la mzee wa Kihindi na mkewe wanaouza dawa za mabwawa ya kuogelea. Nikaomba vijiti vya kupimia maji.

"Swimming pool yako ni ya size gani, madam?"

"Ya sufuria moja. Iko jikoni."

Mzee alicheka mpaka mkewe akatoka nyuma kuona kuna nini. Nilipowaeleza habari ya bia, mama yule alikunja uso kidogo, lakini mzee alifungua kopo akanionyesha. Kila kijiti kilikuwa kipande cha plastiki chenye viraka vidogo vya rangi. Kiraka kimoja ni cha klorini, dawa ambayo kanjo hutia kwenye maji. Kingine ni cha alkali. Unachovya, unasubiri kidogo, unalinganisha na rangi zilizochapwa kwenye kopo.

"Ya kanjo lazima iko na dawa," akasema mzee, "na hii ingine inakaa njano kidogo tu. Ikienda kijani sana, hiyo imetoka chini ya mchanga."

Nilifika nyumbani nikachovya kijiti kwenye maji ya jikoni kabla hata ya kuvua viatu. Kiraka cha klorini kilibaki cheupe. Cha alkali kikageuka kijani cha sukuma wiki, kikapita rangi ya mwisho kwenye kopo.

Na unajua nilifanya nini? Nilimtetea mjomba mbele ya kijiti. Nikajiambia klorini huruka maji yakikaa kwenye tangi, jambo ambalo ni kweli. Lakini alkali hairuki. Nikajiambia vijiti vimeharibika. Siku iliyofuata nikaenda na kopo kazini, nikachovya kwenye sinki la jikoni la ofisi huku wenzangu wakiniuliza kama nimejiunga na wakaguzi wa afya. Kiraka cha klorini kikawa cha waridi. Cha alkali kikawa njano hafifu. Vijiti vilikuwa vizima. Nikajiambia tena, labda bomba la upande wetu ni tofauti na la Upper Hill. Nilikuwa na sababu nyingi, zote zangu, na zote nilizipika mwenyewe. Kilichobaki ni ule mfereji wa lango wenye kufuli.

Jumamosi asubuhi nilimkuta mjomba akiosha gari lake, kama kila Jumamosi. Amekunja suruali, redio iko kwenye dirisha, mpira wa maji umeunganishwa kwenye mfereji wa lango. Nilikuwa na glasi na kijiti. Sikwenda kugombana. Nilikuwa bado nataka anipe jibu nitakalorudi nalo nyumbani nikiwa nimetulia, na niliuliza kwa utani.

"Anko, yaani gari linaoshwa na maji yako ya figo? Si utumie ule mfereji wa nyuma, wa kisima?"

"Ah, ile hapana," akasema, ameinama na sponji kwenye taa ya mbele. "Ile inaachia gari madoa. Kioo inakuwa nyeupe-nyeupe, usugue mpaka uchoke, haitoki."

"Ile gani?"

"Si hiyo yenu ya nyumba."

Ndipo mkono wake uliposimama. Hakuinuka. Sponji ilikuwa inachuruza povu kwenye kiatu chake na yeye ameiangalia tu. Niliukamata mpira wa maji, nikajaza glasi, nikachovya kijiti mbele yake. Waridi. Njano hafifu. Maji ya jiji, laini, safi, yalikuwa yanaingia katika kiwanja chetu kila wiki, yanaishia pale langoni mbele ya macho yetu wote, kwenye mitungi ya nyumba ya mawe na kwenye bodi ya gari.

"Anko, daktari wa meno aliniuliza. Nilimwapia."

"Punguza sauti."

"Ulijua?"

Alizima redio kwanza. Kisha akaniambia, taratibu, kwa ile sauti aliyokuwa akinielezea hesabu nilipokuwa shule. Matangi yote mawili yalijazwa kutoka kisimani. Yule mtu aliyekichimba alipima maji akamwonya wasiyanywe watoto wadogo. Lakini jumba lilikuwa limekwisha kujengwa na kisima kimekwisha kuchimbwa, na maji ya kanjo yalikuwa yanakuja kwa zamu, hayatoshi watu wote. "Ningefanya nini, nifunge? Meno haiuwi mtu, mama. Mmekaa hapa miaka yote hii, kuna mtu amekufa?"

"Na figo zako?"

Aliangalia gari. "Figo ziko sawa."

Nimejaribu mara nyingi kueleza nilichohisi pale, na neno ninalolipata ni la kitoto: niliona nimechezewa. Kama angeniambia hana uwezo, ningebeba mitungi kichwani kutoka Dagoretti bila kulalamika. Kama angenong'ona tu, mtoto asinywe haya, mchotee hapa langoni. Mtoto huyo alikuwa akimkalia magotini kila jioni. Aliyaona meno yakitoka. Alinisikia nikimgombeza kwa peremende ambazo hakuzila, akanyamaza, na wakati mwingine alinisaidia kumgombeza.

Nilipogeuka kuondoka aliniita. Alitoa ufunguo wa kufuli mfukoni akaunyoosha. "Bia ya wageni, chota hapa. Sitaki aibu mbele ya wakwe."

Niliuchukua. Nilikuwa nauhitaji, na si kwa wageni.

Jioni hiyohiyo nilipanda kwa mama wa mapacha nikiwa na kopo langu. Nilimkuta akipika mrenda. Nilimweleza yote, kisima, mfereji, gari, nikachovya kijiti kwenye ndoo yake akakiona kikigeuka kijani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainua mwiko, na mrenda ukaning'inia kutoka mwikoni mpaka kwenye sufuria, uzi mrefu usiokatika.

"Unaona hiyo? Sijatia munyu," akasema. "Maji inafanya hivi, halafu unaniambia ni mbaya? Dadangu, bia yako ndiyo imekataa. Usisingizie mzee."

"Angalia meno ya watoto wako."

"Meno ya watoto wangu ni ya baba yao. Tangu lini niliolewa kwenu?"

Nilijua baadaye kwa nini alikuwa mkali vile. Mjomba alikuwa ametangulia. Alikuwa amepita kwa wapangaji mmoja mmoja, kwa upole, akiomba wanikumbuke katika maombi kwa sababu ile bia ninayopika imeanza kunipanda kichwani, nimefikia kupima maji kwa karatasi za swimming pool. Jumapili kanisani niliviona viti viwili vitupu, kimoja kila upande wangu. Nilipowaambia wanawake waje wachote langoni, maana ufunguo ninao, walinitazama kama mwizi. Nitamnyang'anyaje mzee maji ya figo zake? Alhamisi waliziombea tena, mimi nikiwa nimeketi palepale, macho wazi. Nilisema figo ziko sawa. Mtu mmoja akasema amina.

Hilo la pili liliniuma kuliko la kwanza. Kunificha ni jambo moja. Lakini aliuchukua ukweli wangu akaugeuza ulevi, na watu niliowaleta mimi kwa mkono wangu wakamwamini yeye. Nikaanza kutafuta nyumba kwingine, na mpaka nilipoipata nilibeba maji ya langoni kila siku yalipotoka, ndoo ya binti yangu ikiwa na kifuniko chake.

Bia ya mahari niliipika hata hivyo. Binti yake mjomba, ambaye nilimbeba mgongoni alipokuwa mdogo, alinipigia simu akasema, "Dada, usiniangushe," na yeye hakuwa amenikosea. Nilichota maji langoni, nikayaacha wazi kwenye ndoo mpaka harufu ya dawa ikatoka, nikapika. Ilitoka bia ambayo sijawahi kuipika tena nzuri vile. Ilikuwa na rangi ya asali ya juu ya chupa, nyepesi, safi. Niliionja nikalia jikoni, peke yangu, kwa sababu ilithibitisha kila kitu.

Siku ya wageni hema lilifungwa uwanjani. Ng'ombe alitoka machinjioni Dagoretti alfajiri akiwa tayari nyama. Wakwe walikuja wamevaa sare ya kitenge kimoja, watu wastaarabu, wanaosema asante kwa kila kitu. Wanawake wa jumba walihudumu, na kwa kuwa soda zilichelewa, mama wa mapacha na wenzake walijaza majagi kwenye mifereji ya nyumba zao wakayaweka kila meza, kuanzia meza kuu ya mjomba mpaka ile ya watoto kule pembeni. Nilisema msiweke hayo. Nikaambiwa niende nikaangalie bia yangu.

Kabla ya kula mpiga picha alitupanga ukoo mzima. Mjomba alikaa katikati, akamwita binti yangu asimame mbele yake kama kawaida. Siku hiyo mtoto alikuwa na furaha, alikuwa amevaa gauni jipya na kwa mara moja amesahau kuziba mdomo. Alicheka mdomo wote. Mjomba alimwinamia, akampigapiga begani.

"Funga mdomo kidogo, mama, ndiyo utoke smart."

Mtoto akafunga. Picha ikapigwa. Ninayo, wote tunang'aa meno isipokuwa yeye.

Kwetu anayepika pombe huinywa kwanza mbele ya wageni, ili wajue haina kitu ndani yake. Mama yangu alifanya hivyo kila alipotoa mtungi, hata mbele ya ndugu zake wa tumbo moja. Kwa hiyo chakula kilipokwisha mjomba alisimama na maikrofoni, akaanza kuwaeleza wakwe kwamba kinywaji hiki hakikununuliwa, kwamba ni binti yake, yaani mimi, amekipika hapahapa nyumbani, na sasa atakionja kama desturi inavyotaka. Nilikuwa nimesimama mbele ya meza kuu, jagi la bia mkono mmoja, glasi mkono mwingine. Watu walipiga makofi. Niliona bibi harusi mtarajiwa akinitabasamia.

Wakati huo binti yangu alitoka mbio kwenye michezo, uso umejaa jasho. Hakuja kwangu. Alikwenda alikozoea kwenda kila anapotaka kitu, kwa Babu. Mbele ya mjomba palikuwa na glasi ambayo mama wa mapacha alikuwa amemmiminia kutoka kwenye jagi la maji, na ambayo mjomba hakuigusa tangu asubuhi. Mtoto akaishika kwa mikono miwili akaiinua.

"Usikunywe hiyo!"

Kiganja cha mjomba kilikuwa kimefunika mdomo wa glasi, na maikrofoni ilikuwa bado midomoni mwake. Sauti ilitoka kwenye spika zote mbili, ikapita hema zima. Hata wapita njia nje ya lango walisimama.

Hakukusudia. Najua hakukusudia, kwa sababu uso wake ulishtuka kuliko wetu. Alimpenda mtoto yule, na hilo ndilo ninaloshindwa kumsamehe. Maneno mawili tu. Alikuwa nayo miaka yote, yakikaa palepale karibu na ulimi, na siku zote alizomwona akinywa kwenye kikombe chake cha plastiki aliyameza.

Mzee wa upande wa wakwe alishusha glasi yake polepole. "Mheshimiwa," akauliza kwa adabu, "kwani hii maji iko na nini?"

"Hapana, hiyo ni... hiyo ni ya kuosha mikono tu," mjomba akasema. Alikuwa amesahau maikrofoni. Hilo nalo lilitoka kwenye spika.

"Mzee." Ilikuwa sauti ya mama wa mapacha. Alikuwa nyuma ya wakwe, jagi mkononi. "Si ni hii tunakunywaga?"

Mjomba aliishusha maikrofoni. Alinitazama mimi. Yalikuwa macho ya kuomba, yaleyale niliyomwomba nayo mimi siku ile ya gari, nikitaka aseme jambo lolote litakalonifanya nirudi nyumbani nimetulia. Na wakwe sasa walikuwa wanaitazama bia. Mmoja wao alisogeza glasi yake mbali na ukingo wa meza. Desturi ilikuwa inaningoja.

Nikamimina glasi, nikaiinua watu wote waione, nikainywa yote.

"Karibuni wageni," nikasema. Sikuhitaji maikrofoni. "Msiogope, bia ni salama. Hii nimepika na maji ya kuoshea gari."

Wakwe walitazamana, hawakuelewa. Mama wa mapacha alielewa. Aliweka jagi chini, akapita katikati ya wageni bila kuomba njia, akafika kwenye meza ya watoto, akaanza kuwanyang'anya vikombe, kimoja kimoja, wake na wa wenzake.